Mtupa Mkoba Mkuukuu Hutupa na Maneno Yake

Wahenga walinena kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu aachane kabisa na jambo lililokwisha kumletea adha. Leo ningependa kuitumia kwa namna nyingine. Nadai kwamba kila tunapoutupa mkoba mkuukuu wa ngozi, eti kwa sababu mshono umefumuka au bizimu limeshika kutu, tunatupa mambo matatu kwa mpigo mmoja. Tunatupa ngozi. Tunatupa ujuzi wa mkono ambao ungeweza kuifufua. Tunatupa pia maneno yanayoubeba ujuzi huo. Hasara ya kwanza huonekana jalalani. Hizi mbili nyingine hazionekani, na ndizo zinazopasa kutushughulisha sisi walimu na wanafunzi wetu.

Yamkini msomaji atashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mikoba ya kina mama. Sina budi kueleza. Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mkoba wake wa ngozi ya kahawia, alioununua mapema katika miaka ya 1970, ulibeba chaki, kalamu ya wino mwekundu na madaftari ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka 20. Alipostaafu ulitiwa kabatini, na baada ya yeye kutuaga ukabaki humo hadi ukaota ukungu. Siku nilipoutoa nilitenda kosa ambalo ningemkemea mwanafunzi wangu kwa kulitenda: nilianza kazi kabla ya kuuliza. Niliuzamisha karaini katika maji ya sabuni, nikausugua kwa brashi ya nguo, kisha nikauanika juani kwenye kamba. Jioni niliukuta mkanda wake umekauka kama ubao. Nilipoukunja, ukapasuka. Kitu kilichostahimili takribani nusu karne kilishindwa na ujinga wangu wa siku moja, na hiyo shahada yangu ya uzamifu haikufaa kitu.

Nilimpelekea mzee mmoja mshona viatu, ambaye huketi kando ya kituo cha matatu karibu na ninakoishi. Aliupindua mkoba, akaunusa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, uliufua kama shuka?" Nikakiri. "Ngozi si kitambaa, mwalimu," akasema. "Ngozi ina mafuta yake. Ukiyatoa, sharti uyarudishe. Na ikilowa, iache ikauke kivulini, polepole." Ndipo alipoanza kunionyesha palipoharibika na pasipoharibika, akizitaja sehemu za mkoba moja baada ya nyingine: bitana, kigwe, pindo, bizimu. Mimi nilikuwa nimeyajua mengi ya maneno hayo kamusini. Yeye alikuwa nayo vidoleni.

Mzee yule alikuwa amenifundisha kemia bila ya kuitaja kwa jina. Ngozi mbichi huoza kama nyama yoyote ile. Hufaa kwa kazi baada tu ya kudabaghiwa, yaani kutiwa dawa inayoshikamana na nyuzi zake ndogo za protini na kuzizuia kuoza. Njia ya kale hutumia tanini itokanayo na magome ya miti, na kazi hiyo huchukua majuma, hata miezi. Humu nchini mti uliosifika kwa magome hayo ni muwati, wenye asili ya Australia, ambao ulipandwa kwa wingi katika nyanda za juu na kulisha viwanda vya Thika na Eldoret. Njia ya pili, iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, hutumia chumvi za kromiamu na huhitaji siku chache tu. Ngozi nyingi duniani leo hudabaghiwa kwa njia hii. Katika njia zote mbili, fundi huitia ngozi mafuta ili nyuzi zile ziweze kuteleza inapokunjwa. Nilipoufua mkoba kwa sabuni, niliyaondoa mafuta hayo. Nilipouanika juani ungali chapachapa, nyuzi zikanywea na kugandamana. Mkanda ukawa ubao.

Somo la kwanza la kazi hii, basi, ni kusoma. Kabla ya kugusa sindano wala mafuta, mtu hana budi kuusoma mkoba kama asomavyo shairi gumu: mara ya kwanza kwa jumla, mara ya pili sehemu kwa sehemu. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi huonyesha nyuzi zilizosokotana. Ngozi bandia mara nyingi huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki, na ikianza kubambuka haina dawa. Ngozi ya tanini kwa kawaida huwa kahawia hadi ndani, na isipokuwa imepakwa rangi nzito juu, tone la maji huifyonzea weusi wa kitambo. Ngozi ya kromiamu, kama haikutiwa rangi hadi ndani, huonyesha katikati ya ukingo wake ukijivu wenye kuelekea samawati. Tazama pia iwapo vumbi jekundu linabaki vidoleni. Huo ni ugonjwa wa ngozi za kale za tanini, hasa zilizovuta hewa yenye moshi wa viwanda. Ngozi ya namna hiyo imeanza kugeuka unga, na mafuta hayatairudisha. Mkoba wake na uhifadhiwe kama kumbukumbu, usibebeshwe mzigo.

Baada ya kusoma ndipo kazi huanza, na karibu kila hatua yake ni somo la kujizuia. Ukungu hupanguswa nje ya nyumba kwa brashi laini, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, kisha mkoba ukaachwa wazi mahali penye upepo na kivuli. Uchafu hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na povu la sabuni isiyo kali. Povu ndilo litumikalo, maji yenyewe yakabaki bakulini. Jaribio la kwanza hufanywa mahali pasipoonekana, kama vile chini ya mfuniko au upande wa ndani wa mkanda. Petroli, mafuta ya taa na dawa za kung'arishia nguo hazina nafasi hapa, kwa kuwa huondoa rangi na mafuta kwa pamoja. Jiko na jua vikae mbali.

Ngozi ikishakauka vyema hulishwa. Mafundi hutumia mafuta yatokanayo na mifupa ya miguu ya ng'ombe, mafuta ya sufu ya kondoo, au mchanganyiko wenye nta ya nyuki. Hupakwa kidogo mno kwa kitambaa, kisha mtu akasubiri hadi kesho yake kabla ya kuamua kama panahitajika zaidi. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani huchacha na kuacha uvundo. Wala mafuta mazuri yakizidi si heri. Huifanya ngozi iwe nyeusi, ilegee, na hata kushika vumbi. Nami nakiri kwamba kwa mtu aliyezoea kuona matokeo papo hapo, kusubiri hadi kesho ni kazi ngumu kuliko kushona.

Kushona nako kuna hekima yake. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazonasana katikati ya ngozi; mmoja ukikatika, mshono huweza kufumuka safu nzima. Mshono wa mkono wa mafundi wa ngozi hutumia uzi mmoja wenye sindano mbili, moja katika kila ncha, na sindano hizo hupishana katika tundu lile lile kutoka pande mbili. Pakikatika mahali pamoja, pengine pote hushikilia. Uzi wenyewe huwa wa kitani au wa nailoni uliopakwa nta. Jambo kuu ni kupita katika matundu ya zamani. Kila tundu jipya hudhoofisha ngozi, na matundu yakikaribiana sana ngozi huchanika kama karatasi ya stempu. Kwa hiyo msharasi hutumika kuyazibua matundu yaliyozibika kwa uchafu, wala si kutoboa ovyo. Gundi ya papo kwa papo, ile ya vichupa vidogo, iepukwe. Hukauka ikawa ngumu kama kioo, na ngozi ikakatika kando yake.

Mkoba wa mama nilifanya kwa utaratibu huo, na ulinichukua Jumamosi nne. Mkanda uliopasuka haukuweza kuponywa. Niliutumia kama kielelezo cha kukatia mkanda mpya kutoka kipande cha ngozi nilichonunua Kariokor, Nairobi, soko ambalo jina lake lenyewe ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Bizimu la shaba nilililisugua likiwa limezungushiwa karatasi ili dawa isiiguse ngozi. Bitana ilikuwa imeraruka. Niliifumua mshono kwa mshono, nikaitandaza na kukata kitambaa kipya cha pamba kwa kuifuatiza. Hata hivyo, kifuko kidogo cha ndani, chenye doa kubwa la wino mwekundu, nilikirudisha mahali pake vile vile kilivyokuwa. Doa lile ni historia ya mkoba. Kukarabati si kukifanya kitu kionekane kana kwamba hakikuwahi kutumika. Ni kukiwezesha kutumika tena.

Sasa niyarejee maneno. Si muda mrefu uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu bitana ni nini. Darasa likanyamaza. Nilipotaja bizimu, mmoja akakisia kuwa ni mdudu. Sikuwalaumu. Neno halikai akilini kwa kukaririwa. Hukaa kwa kuwa na kitu cha kushika. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuufumua mfuko na kuuona upande wake wa ndani ataihitaji vipi bitana? Ambaye hajawahi kutoboa ngozi atautaka msharasi wa nini? Tunalalamika kwamba vijana wetu huchanganya lugha, ilhali tumewapokonya shughuli ambazo zingewafanya wayahitaji maneno ya Kiswahili. Kisha tunawapa orodha za msamiati wakariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani wanazisahau.

Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Neno mkoba lenyewe, ambalo leo tunalitumia kwa mfuko wa kila aina, kiasili ni la mfuko wa ngozi, wa msafiri au wa mganga. Ndiyo maana hadi leo aliyepokea uganga wa babake husemwa kuwa ameurithi mkoba. Palikuwa na kiriba cha kuchukulia maji, na kibogoshi, kijifuko cha ngozi cha kutilia vitu vidogo. Palikuwa na makubadhi ya miguuni. Na kisiwani Pate, mji wa Siu ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa mambo mawili yaliyoishi mtaa mmoja: waandishi walionakili misahafu kwa mkono, na mafundi wa ngozi. Mwandishi alihitaji jalada, na fundi alilitengeneza. Hakuna aliyeona kwamba kalamu ni ya wenye akili na msharasi ni wa walioshindwa na kalamu. Ubaguzi huo ni wetu sisi, nao haukosi lawama kwa hali tuliyomo.

Naam, historia ya shule zetu inathibitisha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuja na ahadi ya elimu ya mikono: useremala, ushonaji, ususi na sayansi kimu. Wengi tuliopita humo tunakumbuka vikapu na vitambaa tulivyoshona. Lakini vifaa vilikuwa haba, mtihani ulipima karatasi zaidi ya mkono, na baadaye mengi ya masomo hayo yakapunguzwa au kuondolewa. Mtaala wa umilisi, uliotekelezwa kote nchini kuanzia mwaka wa 2019, umeirudisha ahadi ile ile kwa maneno mapya. Wazazi nao wamelalamika kwamba wanatakiwa kununua vifaa vya miradi kila kukicha, na kwamba pengine mradi hufanywa na mzazi usiku mtoto akiwa amelala. Malalamiko hayo yana msingi. Mkoba mkuukuu unayajibu kwa njia nyepesi: tayari umo nyumbani, mara nyingi chini ya kitanda cha nyanya, na haununuliwi.

Najua wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kuwa kutengeneza vikuukuu ni alama ya umaskini, na kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nawauliza: ni nani maskini zaidi, anayejua kukifufua kitu au anayelazimika kununua kingine kila kinapoharibika? Nchi yetu ina mamilioni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, lakini sehemu kubwa ya ngozi zake huuzwa nje zikiwa zimetengenezwa nusu tu. Kisha twaenda Gikomba na Kongowea kuchagua mikoba ya mtumba iliyochoshwa na wengine. Sina ugomvi na mtumba. Humo mna mikoba ya kale ya ngozi bora ambayo kwa uzi na mafuta kidogo ingedumu miaka mingine mingi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoinunua bila kujua tunachokinunua, tukadanganywa na plastiki inayong'aa na kuiacha ngozi iliyofifia.

Wa pili watasema kwamba mikoba mipya ni rahisi, na wakati ni mali. Ni kweli kwamba si kila mkoba unastahili Jumamosi nne. Nimekwisha kutaja ngozi bandia inayobambuka na ngozi iliyokuwa unga. Mwenye busara huzitambua na kuziacha. Lakini kuzitambua huko ndiko ujuzi wenyewe, nao haupatikani kwa asiyewahi kujaribu.

Wa tatu wana hoja nzito kuliko wote. Wanauliza: ikiwa kila mtu atajishonea nyumbani, fundi wa kando ya barabara atakula nini? Hoja hii iliniumiza kichwa, hasa nilipomkumbuka mzee yule. Hata hivyo, naona mambo huwa kinyume. Nilipokuwa sijui kitu, nilidhani shilingi alizotoza kwa kubadilisha zipu ni nyingi, nikamsumbua kwa kupatana bei. Sasa nimeshona kwa mkono wangu, nimejichoma vidole, nimeharibu vipande viwili vya ngozi kabla ya kupata mkanda mmoja ulionyooka. Simsumbui tena. Zipu sikuithubutu, nilimpelekea yeye, nikamlipa alichotaja. Anayeijua kazi kidogo ndiye anayeweza kumheshimu anayeijua sana.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Leteni darasani mkoba mmoja mkuukuu wa ngozi. Wanafunzi waufungue na kuzitaja sehemu zake zote kwa Kiswahili. Wasipojua jina la sehemu fulani, wasikimbilie kubuni. Wamwendee fundi wa mtaa, wamwamkie kwa adabu, wamwulize, na waandike alichowaambia. Wakirudi, walinganishe majibu yao na kamusi. Watagundua maneno ambayo kamusi imeyasahau, na mengine ambayo fundi ameyasahau. Kisha waandike insha ya maelezo, hatua kwa hatua, jinsi ya kuusafisha mkoba na kuurudishia mshono mmoja uliofumuka. Insha hiyo ipimwe kwa kipimo kimoja tu: mwanafunzi mwingine aifuate neno kwa neno, na mshono ushike. Mwandishi aliyeandika "shona vizuri" ataona mara moja kwamba hakusema kitu. Sijui zoezi la sarufi na ufasaha linalolishinda hilo.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Waulizeni nyanya na shangazi zenu kama wana mkoba waliouweka. Waombeni ruhusa kabla ya kuugusa, kwa maana huenda wanajua ni kwa nini hawakuutupa. Ukitengenea, jazeni karatasi nyeupe ndani yake usikunjike. Gazeti huacha wino, hata hili mnalolisoma. Utieni katika mfuko wa kitambaa na wala si wa plastiki, ambao hufungia unyevu na kuualika ukungu, hasa kwetu tulio karibu na bahari au ziwa. Mara moja moja utoeni upunge hewa.

Mkoba wa mama uko juu ya meza yangu ofisini, umejaa insha za wanafunzi zinazongoja kusahihishwa. Mzee mshona viatu aliuona nilipompelekea zipu. Akaupindua, akaunusa kama siku ile ya kwanza, akavuta mshono wangu kwa ukucha. "Hapa umekaza mno, mwalimu," akasema, akinionyesha pahali karibu na bizimu. Nimekwisha kupafumua. Jumamosi hii nitapashona upya.